WhatsApp Business kwa mfanyabiashara asiyejua kupiga debe

Methali ya "chema chajiuza" imewaponza wafanyabiashara wengi wapole wa Dar es Salaam. Fundi cherehani hodari wa Sinza anakaa kimya akingoja kazi yake ijieleze, na wateja wanaenda kwa anayejinadi. Kwa mtu wa namna hii, WhatsApp Business, programu ya bure iliyotoka mwaka 2018, ndiyo zana tunayompendekezea kwanza. Unalipanga neno lako mara moja, ukiwa peke yako, halafu linasomwa na watu wengi bila wewe kusimama mbele ya yeyote.

Kilicho bora kuliko vyote ni katalogi, yaani orodha ya bidhaa zako ndani ya programu. Inabeba bidhaa hadi 500, na kila moja inaweza kuwa na picha mpaka 10. Andika bei. Ule mtindo wa "bei njoo inbox" unamuumiza zaidi muuzaji mkimya, kwa sababu kila anayeuliza bei anafungua mazungumzo mapya, na hayo mazungumzo ndiyo yanayomchosha. Bei ikiwepo, anayekuja ameshaamua nusu. Kwenye maelezo taja saizi, rangi, siku za kusubiri na nani analipa bodaboda. Bidhaa hukaguliwa kabla ya kuonekana, hivyo usipakie usiku wa kuamkia sikukuu. Pombe, sigara, dawa na hata kuku hai hazikubaliwi.

Majibu ya haraka, yaani ujumbe ulioandika mapema, yanakuja nyuma yake kidogo tu. Unaweza kuhifadhi hadi 50, na kila moja unaliita kwa alama ya mkwaju (/) na neno fupi. Anza na manne: /lipa yenye lipa namba na jina litakalotokea, /boda yenye utaratibu wa kupeleka mzigo, /punguzo na /simu. Hilo la punguzo lina thamani kubwa kwa mtu mwenye haya, maana wengi hukubali hasara kwa kushindwa kusema hapana. Liandike ukiwa umetulia: "Bei hii ni ya mwisho kwa kipande kimoja. Ukichukua vitatu, usafiri ni juu yangu." Nalo la simu ni la mteja anayepiga wakati hutaki kuongea: "Nina kazi mkononi, niandikie hapa nakujibu kabla ya saa kumi." Kisha jibu kweli kabla ya saa kumi.

Salamu ya kujiendesha hutumwa kwa anayekuandikia mara ya kwanza, au baada ya siku 14 za ukimya. Iwe na mistari miwili na kiungo cha katalogi. Ujumbe wa "sipo kwa sasa" una kasoro inayowashangaza wengi: hautumwi kama simu yako haina intaneti. Bando likiisha, mteja anaona kimya. Kosa jingine liko kwenye saa za kazi. Programu inatumia saa za kizungu, kwa hiyo saa mbili asubuhi ni 8:00. Ukiweka 2:00, umefungua duka usiku wa manane.

Lebo, alama unazoweka kwenye mazungumzo ya wateja, tunazisifu kwa sababu moja, ufuatiliaji. Mtu mpole huona aibu kumkumbusha mteja aliyesema "nitakucheki". Mwekee lebo ya malipo yanayosubiriwa, na kila Ijumaa fungua lebo hiyo tu, umtumie kila mmoja mstari mmoja: "Habari, ile oda bado naishikilia mpaka kesho jioni." Hapo hujamsumbua mtu, umempa tarehe.

Orodha ya matangazo inachukua watu 256, na kila mmoja hupata ujumbe kama wa kwake peke yake, tofauti na grupu ambako kila mtu anakutazama. Lakini wanaoupata ni waliohifadhi namba yako tu. Stetasi nayo inataka wewe na yeye muwe mmehifadhiana namba, na hufutika baada ya saa 24. Wanaolalamika kwamba matangazo hayafiki mara nyingi wamekwama hapa. Kwa hiyo ombi la kuhifadhi namba liingie kwenye ujumbe wa kushukuru baada ya malipo, wakati mteja bado amefurahi.

Udhaifu mkubwa hauna dawa ndani ya programu yenyewe. Kikapu chake hakikusanyi pesa, kinaleta oda tu. Picha ya skrini ya muamala isikutoe mzigo mkononi. Angalia salio lako mwenyewe kwanza. Weka pia PIN ya tarakimu 6 ya uthibitisho wa hatua mbili, kwa sababu namba ikitekwa, duka lote limeenda.

Tena programu hii haileti wageni. Wageni unawapata kupitia waliokwisha kununua, na hapo ndipo msimbo wa QR wa akaunti yako, unaofungua mazungumzo nawe ukisomwa na kamera ya simu, unapofanya kazi. Uchapishe kwenye stika yenye upana wa sentimita 4 hivi, uubandike juu ya mfuniko wa boksi au mdomoni mwa mfuko. Chini ya boksi hauonekani, na kwenye karatasi inayong'aa sana kamera hushindwa kuusoma. Kabla ya kuchapisha stika 200, jaribu moja kwa simu mbili tofauti.