Kikapu cha mboga cha kila Jumamosi hapa Dodoma: nachukua bado, ila nyanya jamani

Nikifungua hotpoti ofisini lazima mtu aulize, we muda wa kupita sokoni unautoa wapi? Siutoi popote. Ukitoka kazini Mtumba jioni mpaka ushuke nyumbani Ilazo giza limeshaingia, soko la Majengo huendi tena, unaishia genge la jirani ambako mchicha umeshinda juani tangu asubuhi na jua la Dodoma mnalijua. Ndo maana nikajiunga na hawa jamaa wanaoleta kikapu cha mboga nyumbani kila Jumamosi, jina lao silitaji maana nina ya kuwasema na sitaki ugomvi.

Kila kitu wotsapu. Alhamisi wanatupia listi ya kilichopo, unalipa 15,000 kwa simu na 2,000 ya boda, Jumamosi asubuhi unasikia honi getini, unapokea kikapu kipya unarudisha kile cha wiki iliyopita. Ndani kuna majani ya aina tatu au nne kutegemea na msimu, nyanya, vitunguu, karoti, hoho, nyanya chungu, bamia au bilinganya, kabichi na kipande cha boga. Sisi tuko sita na kinatufikisha Alhamisi, Ijumaa maharage.

Najua waliojiunga wakaacha wanasema mboga zinaozea ndani. Zitaoza tu kama umeshapanga Jumatatu lazima wali na kabichi afu matembele yako yanakusubiri kwenye friji, matembele hayasubiri mtu! Mimi sipangi chochote mpaka nimwage kikapu mezani. Cha kwanza nakata zile kamba za mafungu hapohapo, maana majani yakibaki yamebanwa katikati yanapata joto, jioni ukishika yanateleza. Sioshi, nafunga kwenye gazeti ndo naweka kwenye friji, nyanya na vitunguu vinabaki nje. Afu tunakula kwa kufuata kinachowahi kuharibika: mchicha na matembele Jumamosi hiyohiyo, chainizi Jumapili, na kama kimekuja kisamvu basi Jumapili ndo siku yake maana kinataka kutwangwa na kuchemka sana kabla hujakiunga na karanga, hiyo kazi siku ya kazi nani ataifanya. Bamia na nyanya chungu naziungia dagaa Jumatatu, bilinganya Jumanne. Kabichi, karoti na boga havina haraka, vinasubiri mwisho.

Majani ya kunde ndo huwa wanaleta mengi kupitiliza, na hapo anaingia mama mkwe, Mgogo wa Mpwapwa, hababaishwi na wingi wa mboga. Anayachemsha kidogo, anayachuja, anayatandaza kwenye ungo juani, na hewa yetu ilivyo kavu hayachukui muda, ukiyagusa yanalia kama karatasi. Anafungia kwenye ndoo yenye mfuniko. Huku si mnajua mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, kiangazi kikikaza majani yanapanda bei mafungu yanakuwa vidole viwili, sisi tunafungua ndoo, yanachemshwa upya yanaungwa na karanga za kusaga, ugali wa uwele pembeni. Wanangu wanaokunja sura wakiona mchicha hiyo wanaigombania, sielewi kwa nini na siulizi.

Haya sasa ya kuwasema. Nyanya zinawekwa chini kabichi juu! Barabara ya mtaani kwetu ni makorongo, boda anaruka nayo, ikifika nusu ya nyanya ni rojo tayari, napika mchuzi siku hiyohiyo nitake nisitake. Nimewaambia, wanajibu "pole dada tunalifanyia kazi", wiki inayofuata kabichi liko juu vilevile. Halafu wana tabia ya kubadilisha bila kuuliza, karoti zikikosekana wanakuongezea kabichi la pili, sasa makabichi mawili ya nini mimi sina mgahawa. Na mvua ikinyesha hiyo saa mbili asubuhi wanayosema inaweza kuwa saa saba.

Kwa upande wa bei, kama unakaa karibu na soko la Majengo au la Sabasaba na una nafasi ya kwenda mwenyewe, nenda, utachagua, utabembeleza, utapewa na nyongeza, utatumia chini ya hapo. Hawa hawana nyongeza. Ila kwa anayerudi usiku, nyota tatu na nusu kati ya tano wanastahili, majani yao kiukweli ni ya kuchumwa karibuni na sijawahi kukuta yaliyooza.

Ukijiunga waambie usichotaka kabla ya Alhamisi usiku, wakishafunga oda hawabadilishi hata kwa dawa. Mimi nimeshaandika: kabichi moja tu, na liwe chini.