Nimepanga nyumba yenye meneja, maji ya kuoga ya watu yakadondokea kwenye wali wangu

Jamani kama kuna mtu sa hivi anahangaika na madalali afu akaambiwa "hii haina usumbufu, mwenye nyumba hakai hapa, inasimamiwa na ofisi", naomba akae kwanza anisikilize. Mi hilo neno "ofisi" ndo lililonimaliza.

Nilikotoka Buguruni nilikuwa naishi na mama mwenye nyumba ua mmoja. Mama yule alikuwa anajua nimepika nini, nimerudi saa ngapi, pasi nimeichomeka dakika ngapi, na mgeni akija anaulizwa kabla hajavua viatu, "huyu analala au anaondoka?" Nikachoka. Nikasema na mimi sasa niishi kiofisi ofisi. Dalali akanipeleka Segerea, ghorofa tatu, mi nikapewa ya katikati, pevingi chini, geti, mlinzi, masta na choo cha pablik. Laki tatu na nusu kwa mwezi, unalipa miezi 6, na dalali naye mwezi wake mmoja. Piga hesabu mwenyewe, 2,450,000 imetoka na sijanunua hata pazia.

Miezi ya mwanzo sina neno. Mpaka siku moja, ilikuwa Jumapili, mvua za masika zimeshaanza, nimeinjika wali wa nazi, nimeufunika vizuri, nafunua kuangalia kama umekauka nasikia tap. Nikafikiri ni jasho la mfuniko. Tap. Naangalia juu naona dari lina doa la kahawia refu kama Ziwa Tanganyika kwenye ramani, na katikati ya ziwa kuna tone linajikusanya, linanenepa, linaachia. Tap. Kwenye wali.

Juu ya jiko langu kuna bafu na choo cha watu wa juu. Naomba hilo liwaingie vizuri.

Nikampigia meneja, hakupokea. Nikamtumia picha WhatsApp, tiki za bluu palepale, kimya. Kesho yake ndo akatuma voisi, "Dada, nimeona, nimewasilisha kwa bosi." Hiyo sentensi nimeisikia mara nyingi mpaka nikilala naiota. Bosi ni nani? Hajulikani. Yuko wapi? Yuko nje. Nje wapi? "Nje, dada." Wiki ya kwanza nikawa nakinga na sufuria, ya pili nikahamia kwenye beseni, baadaye ndoo ya lita 20, na jiko la gesi nikalihamishia sebuleni kwenye stuli kama niko chumba kimoja, mimi niliyetoa milioni mbili na ushee.

Siku aliyokuja sasa ndo roho iliniuma kuliko hata tone lenyewe. Kaja jioni, shati limechomekewa, funguo nyingi zinaning'inia kiunoni, hajasema hata pole. Akapanda kwenye stuli yangu na viatu. Akanyoosha kidole, akagusa lile tone, AKALINUSA, akashuka akaniambia kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema, "Dada usiwe na wasiwasi, haya si ya choo. Ni ya kuoga."

Nyie! Nikamwambia kaka yangu, hata kama ni ya kuoga, si kaoga mtu? Kaoga mtu nisiyemjua, kajisugua, afu aje adondoke kwenye chakula changu? Akacheka. Akasema wapangaji wengine huwa wanavumilia, afu eti hili tatizo ni jipya kwa hiyo inabidi mimi na watu wa juu tuchangie nusu ya gharama na ofisi itoe nusu, ila ofisi nayo lazima isubiri bosi aidhinishe. Kwa hiyo nusu yangu ya haraka, nusu yao ya kusubiri.

Na ngoja niseme na hili maana nimeshafunguka. Ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021, ilipoanza kule Buguruni ilikuwa elfu moja kwa mwezi, ikaja kupanda 1,500, na yule mama ninayemsema vibaya hapa alikuwa kila nikimpelekea kodi anakaa na kalamu anajumlisha zile zilizokatwa kwenye mita yangu ananipunguzia, bila kuombwa. Anasema, "Mwanangu, jengo ni langu." Huyu wa ofisi nilipomuuliza akanijibu hiyo ni sera ya serikali. Najua ni sera ya serikali kaka! Ila sera haijasema jengo ni la kwangu.

Basi nikapanda juu mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kugombana kabisa, kumbe dada wa juu naye ana hasira kuliko mimi, bafu lake linatuama maji mpaka kwenye vifundo na yeye naye "amewasilishiwa kwa bosi" tangu kabla mimi sijahamia. Jipya liko wapi sasa? Tukatafuta fundi bomba wetu. Akakata dari la jikoni kwangu kwa kisu, kama anakata mkate tu, akachungulia na tochi ya simu, akaanza kucheka peke yake. Ananiita, "Dada njoo uone." Bomba la maji machafu kwenye kiungo halijagundishwa na gundi, limefungwa mfuko wa rambo afu likapakwa simenti. Rambo! Ile iliyopigwa marufuku 2019. Sasa we mwenyewe hesabu hiyo kazi ilifanywa lini na ni wapangaji wangapi wamekula wali wa maji ya kuoga kabla yangu.

Fundi 30,000, vifaa 18,000, tukagawana 24,000 kila mtu. Mchana mmoja tu, saa kumi alishaondoka. Nikamtumia meneja picha ya rambo na risiti nikamwambia nakata kwenye kodi. Akajibu haraka siku hiyo, kumbe anajua kujibu, eti "hukupata kibali cha kufanya marekebisho" na tundu la dari nitalipia mimi nikihama. Hapo nililia, sitanii.

Kwa hiyo MSIPANGE kwenye nyumba za ofisi.

Ila... sijui. Nikitulia niseme ukweli, kuna kisima, maji hayajakata hata siku moja wakati majirani wanagombania boza. Mlinzi ni babu mmoja wa heshima, nikichelewa kurudi anatoka na tochi mpaka barabarani kunipokea. Hakuna anayeniuliza nani kalala. Na mkataba ulipoisha nilipiga hesabu ya kuhama, dalali mwezi, kodi miezi 6, kirikuu, vijana wa kushusha, na kule Buguruni chumba changu kilishachukuliwa, nikajikuta nimelipa tena. Ndiyo, nimelipa tena, mnicheke. Zile 24,000 alikuja kunikatia nusu, baada ya dada wa juu kumtishia kwenda serikali ya mtaa. Hata yeye meneja sa nyingine namuonea huruma, ana funguo za watu wote na hana mamlaka ya kununua gundi. Halafu nakumbuka alivyonusa lile tone, huruma yote inakatika.

Juzi yule dada wa juu amehama, pako wazi, na juu yake kuna bati na kunguru tu. Nikamwandikia meneja kama naweza kuhamia pale kabla madalali hawajapasikia. Tiki za bluu. Leo asubuhi kanitumia voisi, anasema amewasilisha kwa bosi.