Fremu ya maana ya jina EDWARD: mbao safi, maandishi ndo yaliniangusha

Jamani mnaotafuta zawadi ya mtoto mchanga, nawaletea mrejesho wa hii fremu ya jina maana nimetoa hela yangu na nataka mjue mapema. Kaka yangu kapata mtoto wa kiume, akampa jina la marehemu baba, Edward, yani ni somo wa babu yake, sasa mimi shangazi mtu nikaona niagize fremu ya kutundika ukutani, jina kubwa katikati, chini maana na historia yake. Duka silitaji, wanaofanya hii kazi mtandaoni wapo wengi. Bei 35,000, bodaboda juu yangu.

Kazi ya mikono iko vizuri sana. Mbao ni mninga, pembe zimekutana hata ukipitisha ukucha haukwami, kioo kimezibwa kwa nyuma na tepu nyeusi vumbi haliingii, wino umekolea. Hapo nyota tano.

Shida maandishi. Wameandika eti Edward ni Kilatini, maana yake "mfalme shujaa". Si kweli, na iliniuma sababu hicho ndo mtoto atakachosoma akikua. Edward ni Kiingereza cha kale kabisa, maneno mawili yameunganishwa, ead yani mali au heri, na weard yani mlinzi. Mlinzi wa mali, mlinzi wa heri. Hiyo ead ndo hiyohiyo iko kwenye Edwin, Edgar na Edmund, ukoo mmoja. Sasa baba yetu alikuwa mtunza stoo wa chama cha ushirika zaidi ya miaka 20, funguo alilala nazo chini ya mto, mtu kama huyo maana halisi ya jina lake ndo hiyo alafu unamwandikia mfalme shujaa?

Na historia yenyewe ilivyo tamu wameiacha yote. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walivyoivamia Uingereza 1066 majina mengi ya wenyeji yalikuja kufifia, watoto wakawa William, Robert, Richard, ila Edward likapona, kwasababu mfalme Edward aliyefariki Januari mwaka huohuo alikuja kutangazwa mtakatifu 1161, na mfalme Henry wa Tatu alimpenda sana huyo mtakatifu mpaka mwanae aliyezaliwa 1239 akamwita hivyo. Huyo akatawala toka 1272, akafuata mwanae, akafuata mjukuu, wote Edward, mfululizo mpaka 1377! Toka uvamizi ule wafalme wa Uingereza wenye jina hilo wamefika 8, wa mwisho akaachia kiti Desemba 1936.

Marekani miaka ya 1910 na 1920 lilikuwa kwenye kumi bora za majina ya wavulana, leo hata mia bora halimo. Uingereza bado wanawapa watoto jina hili. Vifupi vyake ni Ed, Eddie, Ted, Ned, sisi nyumbani Edo.

Hata sehemu ya huku kwetu hawakuigusa. Kuna Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyekuja Zanzibar 1864, akatoa kitabu cha kujifunzia Kiswahili 1870, na kanisa la Mkunazini likajengwa palipokuwa na soko la watumwa yeye akisimamia. Alafu Edward Moringe Sokoine wa Monduli, waziri mkuu mara mbili, tuliyempoteza kwa ajali Dakawa tarehe 12 Aprili 1984. Mzee alikuwa akisikia jina la Sokoine redioni anakaa wima, "somo wangu huyo", anasema.

Nikawatumia meseji nikawaeleza kwa upole. Hawakubisha, wakasema maandishi wanayachukua tu mtandaoni na hawakuwahi kuyahakiki, nikawaandikia yangu, wakachapa upya kwa 5,000 na siku ya tatu ikafika. Mama alivyosoma neno "mlinzi" alinyamaza kidogo akasema, zile funguo.

Nawapa nyota 4. Nunueni, ila kabla hamjalipa ombeni wawatumie picha ya maandishi, na kama mna yenu waandikieni wenyewe, mstari usizidi maneno 8 hivi maana yangu ya kwanza ilikuwa ndefu wakapunguza saizi ya herufi mpaka mama akatafuta miwani.