Diski ya nje katika mji wa umeme unaokatika: uzoefu wangu Bukavu

Nilipoanza kutafuta diski ya nje kwa ajili ya kompyuta yetu ya nyumbani hapa Bukavu, niliweka sharti moja mbele ya mengine yote: diski hiyo isichomekwe ukutani. Mtaani kwetu, upande wa Ibanda, umeme huondoka bila kuaga, na unaporudi hupanda na kushuka kwa muda kabla haujatulia. Ni katika muda huo mfupi ndipo televisheni, friji na chaja huungua. Kompyuta yetu ya mezani imewekewa stabilaiza na kisanduku cha betri kinachotupa dakika chache za kuizima vizuri, na kisanduku hicho kimekwisha kubeba mzigo wake. Kila kifaa kipya chenye adapta yake ni mlango mwingine wa kuingiza umeme mbaya ndani ya nyumba, na mlango huo sikutaka uelekee kwenye picha za watoto wangu.

Tulichokuwa nacho cha kuhifadhi kilikaribia gigabaiti 400: picha na video za harusi na za sherehe za mahari katika ukoo, rekodi za mazoezi ya kwaya ninayoimba, kazi za shule za watoto pamoja na TFC (kazi ya kumaliza masomo ya chuo) ya binti yetu mkubwa, na nakala za hati za kiwanja. Kuviweka vyote kwenye intaneti halikuwa jambo la kujadiliwa kwa muda mrefu. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, na kwa bei tunayolipia paketi za data hapa mjini, kupandisha gigabaiti 400 kungegharimu zaidi ya diski yenyewe.

Katika maduka ya vifaa vya elektroniki ya barabara ya Lumumba, diski za mota, yaani zile zenye sahani inayozungushwa na mota, zinapatikana kwa namna mbili, na wauzaji wengi huzitofautisha kwa bei na ukubwa tu. Ya kwanza ni ile kubwa ya kukaa mezani, ambayo ndani yake mna diski ya inchi 3.5. Hii inahitaji volti 12 ili kuzungusha mota yake, na kwa kuwa waya wa kawaida wa USB hutoa volti 5, ni lazima ije na adapta yake ya ukutani. Umeme ukikatika, diski hii huzimika papo hapo hata kama kompyuta iliyounganishwa nayo ni laptopu yenye betri iliyojaa. Ya pili ni ile ndogo ya mfukoni, ya inchi 2.5, inayopata kila kitu kupitia waya wa USB: data na umeme kwa pamoja. Ile kubwa huuzwa kwa bei nafuu zaidi ukigawanya dola kwa terabaiti, na kama ningekuwa naishi mahali ambapo taa haziyumbi, huenda ningeichukua. Hapa kwetu nafuu hiyo inaweza kuliwa na adapta moja kuungua.

Kuna pia diski za SSD, ambazo hazina mota wala sahani inayozunguka. Rafiki zangu wanaopiga video za harusi huzisifu, na sifa hizo ni za haki: SSD ya mfukoni kama Samsung T7 imetangazwa kufikia takriban megabaiti 1,000 kwa sekunde, wakati diski ya mota ya mfukoni hufika kwenye 100 hivi au kuzidi kidogo, tena SSD ikianguka sakafuni uwezekano wa kupona ni mkubwa. Kwa mtu anayehariri video moja kwa moja kutoka kwenye diski, ningemshauri aende huko bila kusita. Mimi nilitaka kitu cha kuandikwa mara moja kwa wiki na kulala kabatini siku zilizobaki. SSD huhifadhi data kwa chaji ya umeme ndani ya seli zake, na chaji hiyo hupungua polepole ikikaa muda mrefu sana bila kuwashwa, ilhali diski ya mota huandika kwa sumaku. Tofauti ya bei ndiyo iliyomaliza ubishi: kwa fedha za SSD moja ya terabaiti 1 nilipata diski mbili za mota za ukubwa huohuo.

Mbili, ndiyo. Mume wangu aliona ni afadhali kununua moja ya terabaiti 2 na kubakiwa na dola chache mfukoni. Nilimjibu kwamba nakala moja iliyoko chumba kilekile na kompyuta inatulinda dhidi ya kompyuta kuharibika, lakini haitulindi dhidi ya mwizi, moto au maji ya mvua yanayoshuka mlimani. Hivyo diski moja inakaa kwetu, na nyingine inakaa kwa dada yangu anayeishi Bagira, nasi hubadilishana tunapotembeleana. Nilichukua kwa makusudi za watengenezaji wawili tofauti, moja Seagate Expansion na nyingine Toshiba Canvio Basics, ili zisiwe zimetoka kwenye shehena moja zikachoka pamoja. Uchaguzi wa majina si mpana kama masanduku ya dukani yanavyoonyesha: watengenezaji wakubwa wa diski za mota waliobaki duniani ni watatu tu, yaani Seagate, Western Digital na Toshiba, na diski yoyote halisi ya mota yenye jina lingine juu ya kasha lake, kwa kawaida ina mmoja wa hao ndani.

Kununua kwenyewe ndiko kulikonichosha. Katika duka la kwanza kijana aliniwekea mezani kidude cha bati chepesi, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, kilichoandikwa 16 TB, kwa bei ya chini ya dola 40. Nilimwuliza, «Mwanangu, hii umeishaijaza ukaona?» Akanijibu, «Mama, hii ni orijinali, ilitoka Dubai, fungua uone mwenyewe.» Aliifungua kwenye kompyuta yake, na kweli Windows ikaonyesha terabaiti 16 kamili. Kuonyesha huko hakuthibitishi lolote. Vifaa vya namna hii ndani vina kadi ndogo ya kumbukumbu ya gigabaiti chache, na programu yake ya ndani imebadilishwa ili iseme uongo. Ukizidisha kiasi halisi, faili mpya huandikwa juu ya zile za zamani au hupotelea hewani, nawe utaendelea kuona majina yake kwenye folda mpaka siku utakayojaribu kuzifungua. Kipimo cha akili ni rahisi: diski za mota za mfukoni, hata za bei ya juu kabisa, hazijavuka terabaiti 6. Kidude cha 16 kwa dola 40 hakipo. Simlaumu yule kijana, kwani naamini naye aliuziwa hivyo, lakini nilitoka.

Katika duka nililonunua nilikwenda na laptopu, ikiwa na programu ya bure inayoitwa CrystalDiskInfo. Programu hiyo husoma kumbukumbu ambazo diski hujiandikia yenyewe: namba ya modeli, saa ilizokwisha kufanya kazi, mara ambazo imewashwa, na idadi ya sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zilizoharibika zikahamishiwa kwingine. Diski mpya inapaswa kuonyesha saa sifuri au karibu na sifuri, na sekta zilizohamishwa ziwe sifuri kabisa. Moja kati ya zile alizonitolea muuzaji ilikuwa na maelfu ya saa ndani ya sanduku lililofungwa plastiki vizuri. Yeye mwenyewe alishangaa, akairudisha chini ya meza na kunitolea nyingine. Kazi hii yote haikuzidi dakika tano, na muuzaji mwenye bidhaa safi haikatai. Anayekataa kufungua sanduku mbele ya mteja amekwisha kujibu swali. Garanti ya kiwandani kwa kweli haina uzito mkubwa huku kwetu, kwa maana hakuna mtu atakayeirudisha diski ya dola 70 hadi ng'ambo. Niliomba muuzaji aandike kwenye risiti, kwa mkono wake, muda ambao ataibadilisha ikiharibika yenyewe.

Nyumbani niliendesha jaribio la pili kwa programu ya H2testw, ambayo huijaza diski yote kwa data ya majaribio kisha huisoma tena na kulinganisha. Kwa terabaiti 1, kuandika na kusoma huchukua saa nyingi, kwa hiyo nililifanya kwa mafungu. Mtu asishtuke akiona Windows inaandika gigabaiti 931 badala ya 1,000: mtengenezaji huhesabu kwa makumi na Windows huhesabu kwa vipeo vya mbili, na hakuna kilichoibiwa.

Baada ya hapo nilizifomati zote mbili kwa NTFS, mojawapo ya mifumo ya kupanga faili ndani ya diski. Baadhi ya diski za leo huja na mfumo wa exFAT, ambayo ina faida ya kusomwa na kuandikwa na Windows na Mac pia, lakini haina daftari la ndani la kuandika mabadiliko kabla ya kuyatekeleza. NTFS inalo. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, daftari hilo huisaidia Windows kurudisha mpangilio wa folda ulivyokuwa. Kwa exFAT ajali hiyohiyo inaweza kuvuruga orodha ya faili zote. Sisi hatuna Mac, basi sikuona cha kufikiria. FAT32 ya zamani niliiacha mbali kabisa, kwa kuwa haikubali faili moja ifikie gigabaiti 4, na video ya harusi hupita hapo kabla ya bibi arusi kuingia ukumbini.

Sasa nije kwenye sharti langu la mwanzo. Diski yangu siichomeki kwenye kompyuta ya mezani ninapofanya kazi ndefu. Naichomeka kwenye laptopu, kisha naziunganisha kompyuta hizo mbili kwa waya wa mtandao. Waya huo hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde, kiasi ambacho kinakaribia uwezo wa diski yenyewe, kwa hiyo hakuna kasi ninayoipoteza. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani ndiyo inayozimika na kunakili husimama, lakini diski inaendelea kulishwa na betri ya laptopu, na kichwa chake cha kusomea kinarudi mahali pa kupumzikia kwa utulivu. Nanakili kwa amri ya robocopy, ambayo tayari imo ndani ya Windows: umeme ukirudi, naiendesha tena, nayo huruka faili zilizokwisha kufika na kuendelea na zilizobaki. Jioni ya kunakili gigabaiti zote 400 umeme uliondoka ukarudi, ukaondoka tena, na asubuhi hakukuwa na faili hata moja iliyokosa kufunguka.

Kasi ilinipa funzo moja ambalo sanduku halikuliandika. Mwanzoni diski ilipokea zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde, na baada ya muda ikashuka hadi chini ya 40 ilhali hakuna kilichoharibika. Diski nyingi ndogo za terabaiti 1 na kuendelea hupanga mistari yake ya data ikilaliana kama vigae vya paa, ili nafasi itoshe. Kuandika upya mstari mmoja hulazimisha kuandika na jirani zake, na diski ikipewa kazi kubwa mfululizo huhitaji muda wa kujipanga. Kwa nakala za kila wiki jambo hili halionekani. Jambo linaloonekana kila siku ni soketi: kwenye soketi ya USB 2.0 ya mbele ya kompyuta yetu kasi haivuki 35 hivi, na umeme unaotolewa hapo ni miliampea 500 tu, wakati ile ya buluu, yaani USB 3.0, hutoa 900. Diski inayotoa mlio wa kugongagonga na kujiwasha upya huenda haijaharibika, inalia njaa ya umeme. Ichomekwe kwenye soketi ya buluu ya nyuma kabla ya kuhukumiwa.

Watu wengine wamewahi kuniuliza kama mwinuko wa mji wetu unazidhuru diski hizi, na swali hilo lina msingi, kwa sababu kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nanomita chache kikibebwa na hewa. Watengenezaji huweka mpaka wa kawaida kwenye mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari, nasi tupo karibu na 1,500. Tishio letu ni ardhi kutikisika. Tangu tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 hakuna mkazi wa Bukavu anayehitaji kuelezwa, na sahani inapozunguka, mtikiso mdogo wa kuanguka kutoka mezani unatosha. Yangu huilaza bapa juu ya kitambaa, sakafuni kando ya meza, mbali na miguu ya watoto.

Sehemu dhaifu kuliko zote ni waya. Diski hizi mbili hutumia kichwa kile kipana chenye sehemu mbili, ambacho simu za leo hazikitumii, na hapa mjini hakipatikani kwa urahisi. Mafundi wa Nyawera wanao wa simu wa kila aina, huu hawana. Katika baadhi ya diski za mfukoni soketi ya USB imechomelewa kwenye ubao wa diski yenyewe, hivyo soketi ikilegea kwa kuvutwavutwa, kutoa data ni kazi ya fundi mkubwa na bei kubwa. Nilipoupata waya huo kwa mchuuzi mmoja karibu na soko la Kadutu nilinunua miwili, mmoja nikaufunga kwa uzi kwenye diski iliyoko Bagira.