Tahadhari: Injini za Nitro Zilizochoka Zinauzwa kama Mpya

Ndugu wapenzi wa magari ya rimoti, ninaandika kuwatahadharisha kuhusu muuzaji anayetangaza injini za nitro (zinazotumia mafuta yenye nitromethani) za ukubwa wa sentimita za ujazo 3.5 (cc), akidai kuwa ni mpya na kwamba "zimezoeshwa kidogo na fundi ili mnunuzi asipate taabu". Nilimlipa fedha zote kabla ya kupokea mzigo, na kilichonifikia ni injini iliyokwisha kuchoka, ikasafishwa na kutiwa ndani ya boksi jipya.

Maneno hayo ya "zimezoeshwa kidogo" ndiyo mtego wenyewe. Kuzoesha ni kuiendesha injini mpya taratibu mara za kwanza ili vipande vyake vikaane vizuri. Pistoni ya injini hizi ni ya alumini na haina ringi. Huziba kwa kubanwa na slivu, yaani silinda ya ndani, ya shaba iliyopakwa kromu, ambayo kipenyo chake cha ndani hupungua kuelekea juu. Ndiyo maana injini mpya ikiwa baridi, ukizungusha flaiwili (gurudumu zito la injini) kwa kidole, hukaza na hata kukwama pistoni inapofika juu kabisa. Mnunuzi anayelijua hilo angeishuku injini inayozunguka kwa ulaini, lakini muuzaji huyu ameshamwandalia jibu, kwamba imelegea kwa kuwa imezoeshwa. Si kweli. Injini iliyozoeshwa vizuri bado hukaza ikiwa baridi, ingawa si kwa nguvu ya siku ya kwanza.

Kilichoniumiza zaidi ni maelekezo aliyoniandikia: niiache injini iungurume bila mwendo kwa matangi 5, mchanganyiko wa hewa na mafuta ukiwa na mafuta mengi kupita kiasi, na nihakikishe kichwa chake hakipati moto. Nilitii, na nasikitika kwamba nilitii, kwa sababu slivu hupanuka inapopata joto na kuipa pistoni nafasi yake. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi husuguana palepale inapobana na kuielemea konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krankishafti, mhimili unaozunguka). Mchanganyiko uwe wa mafuta mengi, naam, lakini kichwa kifikie nyuzi 93 hadi 104 za selsiasi, hata kama itabidi ukifunike kwa karatasi ya alumini, na gari litembezwe taratibu kwa vipindi vifupi. Baada ya kila tangi injini izimwe ipoe kabisa, pistoni ikiwa chini, ili slivu isinywee na kuikaba. Kwa kufuata maelekezo yake, mnunuzi huharibu ushahidi kwa mikono yake mwenyewe.

Katika tangi la 6 injini yangu ilikuwa ikiwaka vizuri asubuhi ikiwa baridi, kisha ikizima kila ilipopata moto na kukataa kuwaka tena mpaka ipoe, dalili ambayo kwa kawaida huonyesha kwamba mgandamizo umekwisha. Nilipoifungua niliona slivu imechanika mistari ya wima, na konrodi ilikuwa ikicheza kwenye krankishafti kwa kiasi ambacho matangi 6 hayawezi kukileta. Nilipomtumia picha, alinijibu kwamba niliizoesha vibaya, kisha akaacha kunijibu.

Kwa hiyo, mzigo ukifika, ikagueni injini kabla ya kutia hata tone la mafuta. Izungusheni kwa mkono ikiwa baridi na msikilize inavyokaza. Fungueni plagi, mmulike kwa tochi ndani ya tundu lake: kichwa cha pistoni mpya hung'aa na huwa na alama za mashine, ilhali kilichotumika huwa na utando wa kahawia au mweusi wa mafuta yaliyoungua. Alama za bisibisi kwenye skrubu za kichwa nazo zinaeleza mengi. Unyevu wa mafuta mepesi peke yake usiwatie hofu, maana baadhi ya viwanda huzipaka injini mafuta ya kuzuia kutu. Pigeni picha za kila hatua, kwani injini ikishawashwa hamtakuwa na la kumwonyesha.

Tangazo lake la kwanza limeondolewa, ila nimeliona tena chini ya jina jingine, likiwa na picha ileile ya boksi na maneno yaleyale kuhusu fundi. Nilimwomba, kama mnunuzi mgeni, picha ya kichwa cha pistoni kupitia tundu la plagi pamoja na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Nilimwomba mara mbili, na mara zote mbili alinitumia picha ya boksi.