Uzoefu wangu na It's Still Autumn: kamancheh ya Kayhan Kalhor na jazi ya Kiholanzi

Napiga fidla ya taarabu tangu ujanani, kwa hiyo nilipoambiwa kuna bingwa wa muziki wa Kiajemi, yaani wa Iran, aliyerekodi na wanajazi wa Uholanzi, wasiwasi ulinijia kabla ya hamu. Michanganyiko ya aina hii nimeisikia mingi: dramu na besi zinaachwa zitawale, ala ya Mashariki inanyunyizwa juu kama iliki. Hata hivyo nikainunua albamu hii ya mwaka 2019, kwa ajili ya jina moja tu, Kayhan Kalhor.

Kwa asiyemjua, Kalhor alizaliwa Tehran mwaka 1963 katika familia ya Kikurdi, na akiwa na miaka 13 alikuwa tayari anapiga katika okestra ya redio na televisheni ya taifa. Ala yake, kamancheh, ni ndugu wa zeze: tumbo la mviringo lililowambwa ngozi, nyuzi nne, na mguu wa chini unaoegemea paja. Sisi wa fidla huuhamisha upinde kutoka uzi hadi uzi. Yeye anaizungusha ala yenyewe juu ya mguu wake, na singa za upinde anazikaza kwa vidole hapo hapo anapopiga. Ndiyo maana mvuto mmoja unaweza kuanza kama pumzi ukaishia kuwa kilio.

Mara ya kwanza nilisikiliza kwa spika ya simu, jikoni. Sikuambulia kitu. Tafadhali msifanye hivyo, muziki huu una ukimya mwingi na ukimya huo ndio nusu ya kazi. Usiku nikavaa hedifoni, nikazima taa.

Hapo nikaelewa kwamba siri iko kwenye ala walizochagua Waholanzi. Rembrandt Frerichs hapigi piano kubwa ya kisasa, anapiga fotepiano, kinanda cha mtindo wa zama za Mozart, chenye sauti nyembamba inayokauka upesi. Tony Overwater ameshika violone, mzee wa ukoo wa besi. Vinsent Planjer naye amejiundia seti ya dramu yenye sauti ya kunong'ona. Wote watatu wameshuka hadi kimo cha kamancheh, na hakuna anayelazimika kupaza sauti ili asikike. Huo kwangu ni uungwana, na sijausikia mara nyingi.

Nilichokuwa nakisubiri zaidi ni zile sauti za katikati. Muziki wa Kiajemi, uliopangwa katika dastgah saba, yaani mifumo ya sauti kama maqam za Waarabu, una sauti zinazokaa kati ya funguo mbili za kinanda. Watu wa taarabu tunazijua, na hata majina ya baadhi ya maqam zenye sauti hizo yametufikia kupitia Waarabu yakitoka kwa Waajemi: rasti ni neno lao lenye maana ya nyoofu, na sika ni segah, yaani mahali pa tatu. Sasa kinanda kitafanya nini? Nilivyosikia mimi, Frerichs akifika hapo hakandamizi. Anaacha noti mbili tatu, nafasi inabaki wazi, Kalhor anapita. Nimerudia sehemu hizo zaidi ya mara kumi, fidla ikiwa mkononi.

Kazi yenyewe ina mafungu mawili makubwa, la alfajiri na la machweo, na karibu yote inakwenda kama taksimu, muziki unaobuniwa papo hapo, ndefu ya watu wanne. Hakuna mwimbaji. Mpenzi wa mashairi atakosa kitu, na mimi nilikikosa kidogo. Pale mwendo unapoongezeka kasi, ningependa pia dramu irudi nyuma hatua moja zaidi.

Ukivutiwa, tafuta albamu ya The Rain ya mwaka 2003, Kalhor alipokutana na sitari ya Shujaat Husain Khan wa India, kisha ile ya 2023 aliyopiga na kora, kinubi cha Afrika Magharibi, ya marehemu Toumani Diabaté wa Mali. Lakini anza na hii.

Jumamosi iliyopita nilikwenda mazoezini nikalegeza singa za upinde wangu, nikajaribu kuzikaza kwa kidole katika taksimu ya maqam ya bayati. Sauti ilikwaruza, ikatetemeka, mara moja tu ikatoka kama nilivyoitaka. Mzee wetu anayepiga kanuni, ile ala ya nyuzi, akainua kichwa, akaniambia, "Hapo hapo. Rudia."