Gereji ya mkataba kwa Coaster zetu: oili safi, breki ndo shida

Sisi tuna Coaster za daladala hapa Dar, tukachoka na mafundi wa kuokoteza tukaingia mkataba na gereji moja ya Tabata, wanalipwa kwa mwezi, kazi yao sevisi, grisi, breki, na gari likizima njiani fundi atoke. Kwa oili siwadai kitu, kila kilomita 5,000 inamwagwa na filta ya zamani wanakuwekea uione.

Ila breki jamani! Gari limetoka kwao asubuhi, dereva akakanyaga breki ikaenda mpaka chini, kucheki kumbe silinda ya tairi la nyuma inavuja, mafuta ya breki yameloanisha brekshuu zote za tairi hilo, na kwenye karatasi yao wameweka tiki!! Ukiwauliza eti spea ni juu ya tajiri. Sawa, spea ni yangu, kukagua je ni kwa nani?

Alafu kama unataka kusaini nao, andikisha kabisa gari likilala gereji hesabu ya siku hiyo (ile pesa dereva anamletea tajiri) anafidia nani, maana kwetu haikuandikwa na hapo ndo tunagombana kila mara. Bei yao ya kawaida tu. Nyota 3 kwa 5, wakitafuta fundi wa breki anayeeleweka naongeza.